Wimbo wa Zamu ya Cherehani

"Hebu ipige tena hiyo simu. Kuna watu walikuwa bafuni, hawakusikia vizuri."

Aliyesema hivyo ni Cherehani, jirani yangu wa mlango wa tatu. Alikuwa amesimama katikati ya ua, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, pini mbili bado ziko mdomoni. Ukimwona mshonaji anaongea na pini mdomoni ujue hasira zimempanda, maana hata kumeza mate ni hatari.

"Cherehani, haki ya Mungu sikuuweka mimi."

"Hukuuweka. Simu ya nani?"

"Yangu."

"Dirisha la nani?"

"Langu."

"Basi wimbo umekuja kwa miguu."

Ua mzima ukacheka. Na mimi, kwa ujinga wangu, nusura nicheke nao, maana maneno yalikuwa matamu na mimi neno tamu hata likinichoma huwa nalisikia utamu kwanza. Nikajizuia. Mikono yangu ilikuwa bado imejaa mafuta ya nywele. Mteja wangu alikuwa verandani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama mtu aliyeona jini.

"Mwacheni," akasema mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka mlangoni kwa Cherehani, akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. "Wimbo mzuri. Wengine tumetafuta maneno miaka yote hii tukayakosa, kumbe simu inayo."

Huyo hakuwa jirani. Huyo alikuwa mama mkwe wa Cherehani, amekuja kumtembelea mwanawe. Na wimbo uliolia kwa sauti ya juu, wakati kila mtu yuko nyumbani na sahani yake mapajani, kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Umepanda mara ngapi, mbona halioti?*
*Shamba la mawe hilo, jembe linalia.*

Cherehani ameolewa miaka mingi. Hajazaa.

Sasa ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnayajua yangu, na aliyejiunga leo nitampa kwa mkupuo asije akasimama mlangoni kama mgeni. Mume wangu aliondoka na sanduku nililomnunulia mwenyewe. Saluni yangu niliipoteza kwa ajili ya bi harusi mmoja ambaye nilitakiwa nimsuke saa kumi alfajiri. Mdogo wangu ndiye aliyeiweka ahadi ile kwenye simu, akaandika kumi kama alivyoisikia, asikumbuke kuwa saa za simu si zetu. Simu ikaniita saa nne asubuhi, bi harusi ameshaingia ukumbini na kitambaa kichwani. Mama yake alikuja saluni na watu. Sitaki kuyarudia.

Nikabaki na vitu vitatu: huyo mdogo wangu, chumba kimoja katika nyumba ya Bi Kufuli, na simu.

Simu yenyewe ni ile ya muziki, ya enzi zile simu za muziki zilipoanza kutoka, yenye vitufe vya nyimbo ubavuni na spika mbili zinazoweza kuwafufua waliolala. Kule saluni simu hiyo ilikuwa redio yangu. Hapa nyumbani ikawa jambo jingine kabisa.

Nyumba ya Bi Kufuli ina milango minane na choo kimoja. Nilipohamia nilikuta watu wanagombana kila siku: zamu ya nani kusafisha choo, nani kafagia ua, nani kajifanya mgonjwa. Nikasema, ngoja. Nikaingia kwenye kalenda ya simu, nikaandika zamu ya kila mlango, nikaiamuru irudie kila wiki, na kila mlango nikaupa wimbo wake uwe ndio mlio. Mama Pacha nikampa wimbo wa harusi kwa kuwa anapenda sherehe. Cherehani nikampa wimbo wa ngoma uliokwenda mbio kama mguu wake kwenye mashine. Asubuhi simu ikilia dirishani kwangu, mwenye wimbo wake anatoka na ndoo, wengine wanacheza kidogo milangoni, siku inaanza.

Ugomvi ukaisha. Bi Kufuli mwenyewe, mwenye nyumba, mwanamke asiyesifia hata mvua ikinyesha shambani kwake, akaniambia: "Msusi, umenipunguzia kelele." Ndiyo sababu akaniachia veranda yake nisukie wateja. Mimi napenda nyumba iliyojaa, watu wapite, maneno yapite, chai ipite. Nikajiona nimefika.

Na sasa hiyo hiyo kalenda ndiyo imeniweka katikati ya ua kama mwizi wa kuku.

"Dada Msusi," akasema Cherehani, safari hii ametoa pini mdomoni. "Nakuuliza mara ya mwisho, na nakuuliza kwa wema. Unajua nani kauweka?"

"Sijui."

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu kama anayetafuta kasoro kwenye pindo.

"Sawa," akasema. Akageuka, akaingia ndani, mashine ikaanza kunguruma.

Nilidhani yamekwisha. Funguo zikalia nyuma yangu.

"Hayajaisha," akasema Bi Kufuli. Alikuwa amesimama verandani na kishada chake cha funguo kiunoni, karibu na yule mteja wangu wa nusu kichwa. "Msusi, mimi nyumba hii siipangishi kwa wenye pesa. Naipangisha kwa wenye adabu. Umemtukana mpangaji wangu mbele ya mkwewe."

"Bi Kufuli, sikumtukana mimi, ni simu."

"Nitaifukuza simu, ikalale wapi?"

Watu wakacheka tena. Safari hii sikusikia utamu wowote.

"Sheria yangu unaijua," akaendelea. "Humu ndani waliokoseana hupatana kwenye sahani moja. Jioni, watu wakirudi wote, utakwenda mlangoni kwa Cherehani uombe radhi. Akikuita ndani mle pamoja, basi, umelala kwako. Asipokuita, nipe ufunguo wangu, na nywele zako uzifagie verandani uondoke nazo."

"Niende wapi, Bi Kufuli?"

"Ningejua pa kwenda watu wote waliofukuzwa ningefungua ofisi."

Nikammalizia mteja wangu kichwa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Alipojitazama kwenye kioo akasema upande mmoja umekaza kuliko mwingine. Nikamwambia ndivyo ilivyo siku hizi.

Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaichukua simu.

Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kidosho, alikuwa amejilaza kitandani akipaka rangi kucha za miguu. Uani kulikuwa na kesi yangu, yeye anapaka rangi. Sikumlaumu wakati ule. Nilijua ni mtu wa kuogopa kelele.

Nikafungua kalenda. Jumapili. Zamu ya Cherehani. Wimbo umebadilishwa, hilo nilishajua. Lakini nikatazama na saa.

Mimi zamu zote nimezipanga saa moja asubuhi. Na saa moja yetu, kwa simu ile, huandikwa saba. Zamu saba zote zimeandikwa saba. Ya Cherehani peke yake ilikuwa imeandikwa moja, na alama ya mchana haikuguswa. Na moja ya simu, mchana, ni saa saba yetu. Ndiyo maana asubuhi simu ilinyamaza nikadhani imesahau, na Cherehani kwa bidii yake akasafisha choo bila kuitwa. Halafu ikaja kulia watu wakiwa na sahani.

Aliyeubadilisha wimbo alilazimika kuiweka zamu upya. Na alipofika kwenye saa, akaandika kama anavyoisema.

Katika nyumba nzima namjua mtu mmoja tu wa namna hiyo.

"Kidosho."

"Bee."

"Saa moja kwenye simu hii huandikwaje?"

"Moja," akasema, bila kuinua macho kwenye kucha.

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ilikuwa karibu kuliko kiti.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nini?"

"Uliyebadilisha wimbo wa Cherehani."

"Aa, huo." Akapuliza kidole gumba kikauke. "Utani tu, dada."

"Utani mbele ya mama mkwe wake?"

"Haikutakiwa iwe mbele ya mtu. Ilitakiwa iwe asubuhi, asikie yeye na ufagio wake, aende akalie zake chooni. Simu ndiyo imechelewa." Akafikiri kidogo. "Ila afadhali ilivyokuwa."

Jamani. Mtoto huyu nimemlea tangu mama alipofariki. Nilimfunga kamba za viatu. Nilikula ukoko ili yeye ale wali. Nikamtazama nikamwona kama mtu aliyekuja kupanga juzi.

"Wimbo wenyewe umeutoa wapi? Mimi sina wimbo kama huo."

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mke."

Nilielewa, lakini nikakataa kuelewa. Mtu hufanya hivyo. Unasikia mlango unagongwa, unajiambia ni upepo.

"Dereva?" nikasema. Ndilo jina la mume wa Cherehani hapa nyumbani. Anaendesha gari la kusambaza soda. "Dereva akupe wimbo wa kumsimanga mkewe? Kwa lipi?"

Kidosho akaifunika chupa ya rangi, akaiweka dirishani taratibu. Kisha akainuka, akajinyoosha, akaweka mkono tumboni. Hakuuweka kwa bahati mbaya. Aliuweka kama mtu anayeweka kiti.

"Unadhani yule mama mkwe kaja kumwona nani?" akaniuliza.

Nikautazama ule mkono.

"Alikuja asubuhi ulipokwenda kununua mafuta," akaendelea. "Akanishika shavu. Akasema nina nyonga nzuri. Dada, usinitazame hivyo. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema maskini Dereva, nyumba yake kimya kama msikiti saa tano."

"Nilikuwa napiga soga."

"Basi soga zimezaa."

Nikainua mkono. Sikumpiga. Mkono ulibaki hewani hadi ukachoka, ukashuka peke yake.

"Nitamwambia Cherehani," nikasema. "Nitatoka sasa hivi niseme mbele ya watu."

"Sema." Akajilaza tena. "Bi Kufuli ana adabu zake. Atatutoa wote wawili, si wewe peke yako. Watatu, ukihesabu vizuri. Sema, dada. Halafu usiku mimba hii uitafutie godoro."

Nikachukua ndoo nikatoka. Sikuwa na haja ya maji. Nilikuwa na haja ya kuwa mahali ambapo yeye hayupo.

Bombani nilimkuta Dereva anaosha miguu. Mtu mpole Dereva. Hajawahi kupandisha sauti, hajawahi kuniita ila shemeji, kwa kuwa mimi ni rafiki wa mkewe. Shemeji habari, shemeji umeamkaje, shemeji hii soda ilipasuka kizibo kunywa wewe. Neno hilo nimelisikia kila siku nikalipokea kama pipi.

"Shemeji," akasema.

Siku hiyo nililisikia kwa mara ya kwanza.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Ndivyo ilivyo." Akanisogezea ndoo yangu chini ya bomba, akafungulia maji, mwanamume wa msaada. "Nimesikia Bi Kufuli kakwambia uombe radhi. Omba, shemeji. Wewe mdomo wako hauchoki. Neno dogo tu, linakwenda na maji."

"Mkeo amekukosea nini?"

"Hajanikosea." Akafikiri, na nawaambieni alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Hiyo ndiyo shida yake. Mtu asipokukosea utamwachaje?"

"Kwa hiyo ndiyo maana mnamwimbia."

"Akiondoka na hasira zake mwenyewe, kila mtu atabaki na heshima."

"Hata yeye?"

"Yeye ana mashine yake."

Ndoo yangu ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagika miguuni kwangu.

"Yanamwagika, shemeji," akasema kwa upole, akafunga bomba.

Nilirudi chumbani nikakaa na simu mapajani. Nikapima huku, nikapima huku. Nikisema kweli, nimemvua nguo mtoto wa mama yangu mbele ya milango minane, na bado tutalala nje. Nikisema uongo, nimejichafua mimi tu, na mimi nimeshachafuka mara nyingi, doa moja zaidi halionekani kwenye kaniki. Cherehani ananipenda. Tumekaa naye jioni ngapi, mimi namsuka, yeye ananishonea viraka, tunawasema watu mpaka taa zinazimwa. Nikipiga magoti mbele yake atacheka, ataniambia inuka mjinga wewe ingia ule. Chumba kitabaki. Mengine tutayajua mbele ya safari.

Ndivyo nilivyojipangia.

Jioni ilipofika, watu walitoa vigoda. Hakuna aliyekuwa na kazi. Mama Pacha alikuwa amewaogesha wanawe mapema akawakalisha mstari wa mbele, kama wanaokwenda kuangalia mpira. Bi Kufuli alikaa verandani, kwenye kiti changu cha wateja.

Mlango wa Cherehani ulikuwa wazi. Ndani mkeka umetandikwa, sufuria zimefunuliwa, mvuke unapanda. Mama mkwe amekaa upande wa ukuta, Dereva upande wa dirisha. Cherehani alikuwa bado kwenye mashine anamalizia mkono wa sare ya shule. Hakugeuka.

Nikapiga magoti kizingitini. Sementi ilikuwa bado na joto la mchana.

"Hodi," nikasema.

"Magoti hayapigi hodi," akasema mama mkwe, na mstari wa mbele wa Mama Pacha ukachekelea.

"Cherehani. Nimekuja kuomba radhi."

Mashine ikanyamaza.

"Kwa lipi?"

"Kwa wimbo."

"Ni wewe uliyeuweka?"

Dereva alikuwa anaumega mkate taratibu, ananitazama kama anayemtazama mtu akivuka barabara. Nyuma yangu, kwenye mlango wangu, nilijua Kidosho amesimama. Nilisikia harufu ya rangi ya kucha.

"Ni mimi," nikasema.

Uani kukapita mguno. Mama Pacha akasema, "Si niliwaambia?" ingawa alikuwa hajaambia mtu chochote.

Cherehani akakata uzi kwa meno. Akaikunja sare, akailaza juu ya mashine, akainuka, akaja mpaka mlangoni. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. Aliongea chini chini, na sidhani kama aliyekuwa nje alisikia.

"Mchana nilikuuliza mbele ya watu. Ukasema hujui. Nikatazama macho yako, nikaona kweli hujui. Nikasema, huyu ni mwenzangu."

"Cherehani..."

"Ngoja. Mdogo wako ana gauni la kijani. Mwezi uliopita alilileta nilitanue kiuno. Nikafumua, nikatanua. Nikasema watoto hunenepa. Juzi likaletwa tena, litanuliwe zaidi. Unajua nani kalileta?"

Nikainamisha kichwa.

"Mume wangu. Alilishika hivi mkononi, amelikunja vizuri. Akasema, nimetumwa. Nikalipima mimi mwenyewe, kwa utepe huu. Nikalishona. Nikampa akampelekee."

Ndani ya chumba mama mkwe alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa najua," akasema Cherehani. "Tangu juzi najua. Nilikuwa nangoja kitu kimoja tu. Nilikuwa nangoja nione kama nyumba hii nzima nina mtu. Nikajiambia, Dada Msusi akishajua, atakuja kuniambia. Hata kama ni mdogo wake. Atakuja, na nitamwita ndani, na tutakula, na mimi na yeye tutajua la kufanya."

Akanifuta kitu shavuni kwa kidole gumba. Sikujua kama nilikuwa nalia.

"Sasa umejua. Umetembea kutoka mlangoni kwako mpaka mlangoni kwangu unajua. Na umepiga magoti, umenidanganya."

"Ni damu yangu, Cherehani."

"Najua. Mimi si damu ya mtu."

Akasimama. Magoti yake yalilia kidogo. Ni ya mtu wa kukaa. Nikamshika pindo la nguo, nikalishika kwa mikono miwili, na sikuwa naomba chumba tena, au nilikuwa naomba, sijui, vyote vilikuwa vimechanganyika. Akaliondoa pindo vidoleni mwangu, kidole kwa kidole, bila nguvu, kama anavyoondoa pini kwenye kitambaa kisichanike.

Funguo zikalia verandani. Bi Kufuli ameinuka.

"Cherehani," akaita. "Tuambie mwanangu, tujue moja. Unamwita mtu kula, humwiti?"

"Namwita, Bi Kufuli," akajibu Cherehani kwa sauti ya juu, sauti nzuri, sauti ya mwenye nyumba mwenye wageni.

Nikaweka kiganja sakafuni nijiinue.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, ng'ambo ya ua.

"Kidosho," akaita. "Njoo, mama. Usisimame mlangoni peke yako kama yatima. Njoo ule."

Nikasikia bomba likidondosha.

Dereva akasema, "Mke wangu," akaishia hapo.

Nikageuka. Nilimtazama mdogo wangu kwa macho yote niliyopewa na Mungu. Nikatikisa kichwa. Usije. Ingia ndani, funga mlango, usije. Yeye alimtazama mama mkwe, na mama mkwe, baada ya kusita kidogo, akasogea kwenye mkeka akaacha nafasi. Kidosho akaliona hilo. Akajiweka sawa gauni lake la kijani kiunoni, akavuka ua, kandambili zikipiga kisigino, kucha zake nyekundu mbele ya milango minane.

Akafika. Mimi nilikuwa bado kizingitini kwa magoti, nimeziba njia.

"Dada," akasema, "nipishe."

Nikapisha. Sijui kwa nini nilipisha. Mguu wake ukapita karibu na mkono wangu, akaingia.

Cherehani akampokea kwa mikono miwili. Akamkalisha pale penye nafasi, akamimina maji ya kunawa, akalishika beseni mwenyewe kama mwali anayemtumikia mgeni. Kisha akainama pembeni ya mashine, akatoa sahani iliyofunikwa, mbali na sufuria za wengine, akaiweka mbele ya mdogo wangu.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema. "Kula. Chako nimekitenga tangu asubuhi."